Mtoto akiwa kwenye inkubeta, baba anafanya nini?

Ndugu, umeuliza baba afanye nini mkewe akiwa wodini na mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 ya mimba yuko ndani ya inkubeta, ile mashine ya kumtunzia joto mtoto njiti. Nakujibu kama aliyepita huko. Binti yetu alizaliwa wiki ya 29, gramu 1,150, hapa Nairobi. Tulikaa wodini siku 47.

Usiku wa kwanza nilitazama mashine tu, mtoto nikamsahau. Ilipolia, nesi alikuja akamkuna wayo, mtoto akapumua tena. Kumbe watoto wa umri huo husahau kupumua kwa sababu ubongo haujakomaa. Sikuwa nimeelezwa, nikadhani tumempoteza. Kwa hiyo uliza kila kitu. Andika maswali kwenye simu kabla daktari hajapita asubuhi, maana akifika yote yanakutoka kichwani.

Uzito ulishuka hadi gramu 1,060 na mke wangu akalia siku nzima. Siku za kwanza mtoto hupoteza maji. Akipungua hadi sehemu moja ya kumi si ajabu, na wengi huurudia uzito wa kuzaliwa baada ya wiki mbili hivi.

Kazi kubwa ni maziwa. Mama anakamua kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na mwanzoni ni matone tu. Hapo ndipo unapohitajika. Mimi nilitoka kazini Industrial Area, nikapitia nyumbani Kayole kuchukua uji wa wimbi, nikapanda matatu hadi hospitali. Saa tisa usiku alamu ikilia nilimpigia simu ili asikeshe peke yake. Hatukuwa na mengi ya kusema. Nilisikia maziwa yakidondoka kikombeni, naye akiyahesabu kwa mililita. Yakigoma kabisa, ulizeni kuhusu maziwa ya kuchangiwa; hospitali ya uzazi ya Pumwani, hapa Nairobi, ndiko ilikofunguliwa benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini, mwaka 2019.

Halafu kangaruu, yaani mtoto kufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Nilidhani ni ya akina mama mpaka nesi aliponiambia nivue shati. Muulizeni daktari mtaanza lini. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi.

Simu za jamaa mpe ndugu mmoja azijibu. Shangazi yetu mmoja alishauri tusimpe mtoto jina kwanza. Yalimuumiza sana mke wangu. Tulimpa jina siku hiyohiyo, na manesi wakawa wanamwita kwalo.

Kesho ukifika, nawa mikono, omba ruhusa umguse. Usimpapase, ngozi yake bado ni laini mno. Weka kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni, utulie hivyo.

Mmeshampa jina?