Hupendi nyimbo za mapenzi? Sogea hapa

Kuna dada kanitumia meseji juzi, anasema nyimbo za mapenzi zinamchosha, kila mtu humo anakufa bila mwenzie, sasa mchumba wake anataka wachague "wimbo wetu", afanyeje? Nikacheka peke yangu. Hiyo meseji ningeweza kuiandika mimi.

Nilikuwa na mtu ambaye kila asubuhi lazima anitumie wimbo. Kila asubuhi jamani! Leo mimi ni jua lake, kesho atanishushia nyota, keshokutwa bila mimi hapumui. Mimi nikawa namjibu "umekula?" nikaambiwa sijui mapenzi. Basi huyohuyo asiyepumua akaja kuniacha kwa meseji fupi kuliko korasi yoyote aliyowahi kunitumia, na mpaka naandika hapa anapumua vizuri tu, nimeona picha. Sina kinyongo. Haya, ninacho kidogo.

Nikaanza kufuta nyimbo zote za mapenzi kwenye simu, na hapo ndo nikaona kuna ambazo kidole kinagoma. Wa kwanza Malaika. Watu wanauimba kwa kubembeleza, ila msikilize vizuri yule kijana, hana hela! Anataka kuoa, mali hana, ndo kilio chote. Fadhili William aliurekodi miaka ya 1960, Miriam Makeba akauzungusha duniani, nani hasa aliutunga watu wanabishana mpaka leo, lakini mle ndani hakuna mtu anayeahidi kushusha nyota, kuna ukata. Hayo mapenzi nayaelewa.

Halafu kuna albamu ya bendi ya Queen ya 1975, A Night at the Opera. Humo mpiga ngoma wao Roger Taylor anaimba kwa hisia kabisa kuhusu gari, I'm in Love with My Car, na hatanii. Albamu hiyohiyo mpiga besi John Deacon kamtungia mkewe You're My Best Friend, kamwita rafiki, basi, na kinanda cha umeme kapiga mwenyewe kwa sababu mwimbaji wao Freddie Mercury alikuwa hakitaki kile kinanda. Mwanaume kashika chombo ambacho si chake ili wimbo wa mkewe utoke! Yule wangu alikuwa anabonyeza "tuma" tu.

Paul McCartney wa The Beatles naye, Martha My Dear ya 1968, jina kalitoa kwa mbwa wake. Ukishajua hivyo unausikiliza kwa raha zaidi, nakuapia.

Ila ninayempigia saluti ni Dolly Parton, mwimbaji wa country wa Marekani. I Will Always Love You watu wanaipiga harusini kwa ajili ya Whitney Houston na ile filamu ya 1992, The Bodyguard, kumbe Dolly aliitunga akiaga kazi. Alikuwa kwenye shoo ya televisheni ya Porter Wagoner, anataka kuondoka akajitegemee, bosi hataki kumwachia, maneno yakashindikana akamtungia wimbo, ukatoka 1974. Kuaga bila kumtukana mtu. Wengine tumeagwa kwa vimistari viwili.

Kwa hiyo ndugu zangu sikilizeni maneno, acheni kuvutwa na sauti tamu. Every Breath You Take ya The Police, 1983, mtu anasema atakuangalia kila hatua unayopiga, Sting mwenyewe, aliyeutunga na kuuimba, amewahi kusema ni wimbo wa kutisha, na bado maharusi wanaucheza wamekumbatiana! Sikilizeni maneno. Wimbo ukitaja kitu cha kushikika, deni, gari, mbwa, kazi, huo una mtu ndani yake. Ukitaja mwezi na nyota tupu, jiulize anayekutumia anakwepa kusema nini. Na wewe unayetuma, mtu hajaomba nyota, muulize kama kodi imelipwa, muulize amelalaje, ndo mapenzi hayo, sikilizeni maneno nasema.

Sasa wewe dada, ukibanwa kabisa chukua ule wa Deacon, unachezeka na hauna kilio, hata mchumba mwenye mambo ya jua na nyota hatalalamika. Malaika uimbeni wenyewe mkiwa mnapiga hesabu za harusi. Ule wa mbwa bakia nao kwenye hedifoni zako, mwenzio anaweza kuelewa vibaya.