Maswali yenu: mlinzi wa kukodi, lawama ya nani?

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi Kanda ya Ziwa, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Walinzi wetu ni wa kampuni ya ulinzi, si waajiriwa wetu. Wakimpiga mwanakijiji, mgodi unahusikaje? (Afisa mahusiano ya jamii, Kahama)

Unahusika. Kaulizeni Mwadui, kwenye mgodi wa almasi kule Shinyanga. Walinzi waliolalamikiwa kuwapiga wabeshi, wale wachimba almasi wasio na kibali, walikuwa wa kampuni iliyokodiwa, lakini madai yalipelekwa London dhidi ya mmiliki mkuu wa mgodi wakati huo, Petra Diamonds. Mei 2021 ikafikia makubaliano ya pauni milioni 4.3 yaliyohusu wadai 71, bila kukiri kuwajibika kisheria.

Someni upya mkataba wenu. Niliwahi kuonyeshwa mmoja: kurasa nzima za viatu, tochi na makato ya mlinzi aliyesinzia lindoni. Kuhusu lini afyatue risasi, mstari mmoja tu: "atatumia busara." Huyo mlinzi yuko zamu ya usiku, mshahara haujaingia mwezi wa pili, mawe yanadunda juu ya bati la kibanda chake. Busara ipi?

Je, zile Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu ni sheria?

Hiari ni hiari, si sheria, nimeshalijibu hili. Ni mwongozo wa kimataifa kwa kampuni za madini na mafuta, upo tangu 2000. Ila mkizitaja Kanuni hizo kwenye ripoti ya mwaka ili kuwafurahisha wawekezaji, jueni wakili wa mwanakijiji naye anasoma ripoti.

Nje ya uzio wanalinda polisi, nasi hatuna mamlaka ya kuwaamuru. Tufanye nini? (Msimamizi wa ulinzi, jina limehifadhiwa)

Kuwaamuru hamuwezi, kweli. Posho yao analipa nani? Mafuta ya gari lao? Kama ni ninyi, basi mna mdomo wa kusema. Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano waliovamia mgodi wa North Mara, Tarime. Mwaka 2013 ikafunguliwa kesi London dhidi ya kampuni, wala si dhidi ya polisi, ikamalizwa nje ya mahakama 2015.

Kwenye makubaliano yenu na polisi andikeni kwamba askari hapangiwi mgodini kabla ya mafunzo, anayetuhumiwa kuumiza watu harudishwi, na risasi zinahesabiwa anapoingia zamu na anapotoka. Kisha makubaliano hayo yabandikwe ofisi ya kijiji. Mkiona haya kuyabandika, tatizo mmeshalijua.

Kaka yangu alipigwa risasi ya mpira mguuni. Hospitali wanataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, naye anaogopa kwenda kituoni kwa sababu waliompiga ni polisi. (Dada wa majeruhi)

Pole sana, dada yangu. Matibabu kwanza, sisitiza hapo mapokezi kwamba kidonda hakisubiri fomu. PF3 ifuatwe baadaye, na kaka yako asiende peke yake: aende na mwenyekiti wa kitongoji au mwanasheria, hata kama ni kituo kingine. Mpige picha jeraha kabla halijafungwa bandeji. Andika siku, saa na mahali leo, kabla kumbukumbu haijachuja, na kadi ya hospitali usimwachie mtu. Peleka malalamiko mgodini ukiwa na nakala ya kugongewa muhuri, na mengine Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wakileta karatasi yenye maneno "sitadai tena", asitie saini kabla wakili hajaisoma, hata bahasha iwe nene vipi.

Na ninyi wa migodini mnaosoma hapa: zile Kanuni za Hiari mnazojivunia zinataka majeruhi atibiwe hata kama ni mhalifu. Halafu dawati la malalamiko mmeliweka ndani ya geti, mlalamikaji apekuliwe na walewale waliompiga. Lihamishieni kijijini.

Mbona unawatetea wezi wa mawe ya madini?

Mwizi akamatwe, apelekwe mahakamani. Hakuna hakimu nchi hii anayemnyonga mtu kwa kiroba cha mawe.

Tukiwapa walinzi mbwa badala ya bunduki, tumemaliza?

Mbwa naye ana meno. Awe kwenye kamba, na anayeishika awe amefunzwa kuliko mbwa.