Nilipanda Mlima Meru nikiwa nimemnunia Mungu

Juzi dada mmoja wa Mbeya kanitumia meseji ndefu wasapu. Anasema tangu nianze kuweka picha za milimani kuna mtu kanisani kwao kamwambia akae mbali na mimi, eti huko ni kuabudu milima, halafu mwishoni akauliza, "Dada, hivi kweli Mungu unampata huko au ni upepo tu?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika kumi na mbili nikaifuta, nikasema bora niandike maana najua si yeye peke yake.

Naanzia mbali kidogo, nivumilieni.

Mama yangu alifariki Machi mwaka juzi baada ya kuumwa miezi saba. Miezi yote hiyo niliomba kama mtu aliyeajiriwa kuomba. Mfungo mkavu siku tatu, mkesha kila Ijumaa, mlima wa maombi nimepanda hata idadi siikumbuki, na kule ni spika na kila mtu anapaza sauti kumzidi mwenzake, unarudi nyumbani huwezi hata kusalimia. Mama akaondoka Jumanne alfajiri. Matanga hayajaisha, mtu mmoja tuliyekuwa tunasali naye, mtu wa madhabahuni kabisa, akaniita nyuma ya turubai akaniambia imani yangu ilikuwa na ufa ndo maana. Pale pale, nikiwa na kanga ya msiba kichwani. Sitamtaja na sitaki mtu akisie, ila ile sentensi bado ninayo, naisikia nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, popote.

Kanisa sikuacha. Niliacha kuongea na Mungu. Nilimnunia kama unavyomnunia ndugu mnayeishi naye nyumba moja, mnapishana mlangoni, hakuna salamu.

Agosti mwaka jana kuna kundi la watu ninaofahamiana nao wakawa wanapanda Meru, mmoja akaumwa nikachukua nafasi yake, basi tu, nilitaka kutoka Dar. Mambo ya kukodi viatu na masweta Arusha nayaruka. Tulianzia geti la Momella, mnatembea na renja mwenye bunduki mbele yenu kwa sababu ya nyati, na kweli siku ya kwanza tuliwakuta, wamesimama kwenye majani wanatuangalia kama watu wanaodai hela yao. Usiku wa kwanza tunalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Kesho yake mnapita msituni, miti imening'iniza ndevu za kijivu mpaka unajiinamia kupita, halafu miti inaanza kuwa mifupi na kupungua, jioni mko kambi ya Saddle, mita 3,570, na baridi yake sikuwahi kuifikiria kwamba ipo Tanzania hii hii.

Saa nane usiku tukaondoka kwenda kileleni. Kilele kiko mita 4,566. Mimi niliishia Rhino Point, hata mita 4,000 sikuzifikisha. Kichwa kinagonga, natapika, miguu inagoma. Yule kijana msaidizi wa mwongoza njia wetu akasema dada tunarudi, nikaanza kulia, na si kwa kichwa. Nilikuwa nasema moyoni unaona, hata hili umenikatalia. Hayo ndo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa Mungu baada ya mwaka na nusu, malalamiko.

Tukarudi Saddle. Wenzangu wakawa huko juu wanaangalia jua linatokea nyuma ya Kilimanjaro, picha wamenionyesha, ni nzuri mno. Mimi nimekaa kwenye jiwe nimejifunga blanketi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, sina hata nguvu ya kuwaza.

Basi kwenye majabali mbele yangu, kama hatua thelathini hivi, wakatokea mbuzi mawe wawili. Kama hujawahi kumwona, ni mnyama mdogo, manyoya yake manene ya rangi ya mawe yenyewe, na anasimama kwenye ncha za kwato kabisa kama mtu aliyevaa viatu virefu. Mmoja alikuwa anakula kwenye kichaka, mwenzake amesimama juu ya jabali, kwato zote nne kwenye kipande cha kama sahani, hali kitu, anaangalia tu. Baadaye wakabadilishana, aliyekula akapanda kulinda, aliyelinda akashuka kula. Hakuna aliyemwambia mwenzake chochote. Nyuma yao ukuta wa kreta, mlima ambao mara ya mwisho kulipuka ni 1910, na wao wanakula.

Nikamkumbuka Ayubu. Naye alifiwa, naye marafiki walikuja msibani wakamwambia tatizo ni wewe. Na Mungu alipokuja kuongea naye hakumweleza kwa nini. Alimuuliza habari za theluji, za kunguru, na aliuliza kabisa kama anajua mbuzi wa majabalini wanazaa lini. Nilikuwa nimesoma hayo maneno tangu Sunday school na siku zote niliona kama Mungu anamkwepa Ayubu. Asubuhi ile sikuona anakwepa. Niliona kama mtu aliyekuja kukaa na mfiwa, na badala ya kumpa maneno ya matanga anamwambia njoo uangalie hawa. Na wale marafiki waliojua sababu zote, ndo aliowakasirikia.

Nililia tena, kilio kingine. Sikuomba kitu. Kama nusu saa nzima sikusema neno.

Kwa hiyo ushauri wangu dada ni huu, nyamaza. Ukienda mlimani acha orodha ya maombi nyumbani. Simu zima, si kwamba uweke saileti, zima. Usiende na watu wanaoimba njia nzima. Na kama umemnunia Mungu nenda hivyo hivyo ulivyonuna, usijipake tabasamu. Tumezoea kupiga kelele mno jamani, tunaongea sisi, tunajibu sisi, tunatoa unabii sisi, halafu tunasema Mungu kanyamaza! Nabii Eliya kule mlima Horebu upepo umepita, tetemeko limepita, moto umepita, na Mungu hakuwa humo, ikaja sauti ndogo ya utulivu. Yesu mwenyewe alikuwa anawaacha watu anapanda mlimani peke yake usiku, naye alikuwa anaabudu mlima? Anayekwambia hivyo mwulize lini mara ya mwisho amekaa nusu saa mbele za Mungu bila kufungua mdomo.

Mlima hauabudiwi, yule mbuzi mawe hakunisamehe dhambi wala hakumrudisha mama. Ila nilirudi Dar naongea na Mungu, na siku hizi naongea maneno machache.

Halafu wewe huna hata haja ya kuja Arusha. Uko Mbeya, mlima Rungwe unao hapo, na ukishindwa Rungwe panda kuelekea Ziwa Ngosi, unapita msituni mpaka ukingo wa kreta na ziwa liko chini yako. Nenda asubuhi mapema, tafuta mwongoza njia wa hapo kijijini, beba koti la mvua na soksi za kubadilisha. Ukifika pale ukingoni kaa chini. Ukirudi nipigie, hata kama ni usiku.