Nebraska: chumba kimoja, kura isiyo na chama

Wiki iliyopita niligusia Nebraska, jimbo pekee la Marekani lenye bunge la chumba kimoja (majimbo mengine yana mabaraza mawili, na mswada hupita yote mawili), na maswali yakamiminika.

Kwa nini wao tu? (Msomaji, Nakuru)

George Norris, seneta wa Nebraska katika Seneti ya Marekani, alizunguka jimbo zima mwaka 1934 akiwashawishi watu, nao wakaridhia kwa kura. Bunge jipya lilianza kazi 1937, wajumbe wakishuka kutoka 133 hadi 43. Leo ni 49. Kilichomkera Norris hasa ni kamati ya maridhiano: vyumba viwili vikipitisha mswada uleule kwa sura mbili, watu wachache walijifungia wakatoka na sheria, na hakuna aliyejua nani kakata nini. Ninyi wenye Seneti na Bunge la Taifa mnaifahamu kamati ya aina hiyo.

Sheria ya papara inazuiwa na nani? (Dodoma)

Kila mswada husikilizwa na kamati hadharani, na mwananchi yeyote anaweza kwenda kusema lake. Kisha hupigiwa kura ukumbini mara tatu. Gavana naye ana kura ya turufu. Kuipindua kunahitaji wajumbe 30.

Lakini breki kali ni maneno. Anayepinga anaweza kuongea na kuongea, na kumkatiza kunataka kura 33. Vikao ni siku 90 mwaka mmoja na 60 unaofuata, kwa hiyo kila saa ina bei. Mwaka 2023 mjumbe Machaela Cavanaugh alichelewesha karibu kila mswada kwa wiki kadhaa, akipinga mmoja tu, uliobana matibabu ya kubadili jinsia kwa vijana. Hata hivyo ulipita.

Kweli hawana vyama? (Mombasa)

Wanavyo sana! Kisicho na chama ni karatasi ya kura. Kwenye mchujo wagombea wote huwekwa kapu moja, wawili wa juu wakaingia fainali, hata wakiwa wote Republican. Wenyeviti wa kamati huchaguliwa na wajumbe kwa kura ya siri, mtu akaweza kumpigia wa chama kingine bila kujulikana, ndiyo maana Democrat, walio wachache, hupata viti mara mojamoja. Kwangu mimi, kura hiyo ya siri ina uzito kuliko kufuta chama karatasini; wapiga kura wanajua nani ni nani.

Wanalipwa vizuri? (Morogoro)

Dola 12,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa kwenye katiba tangu 1988, na posho kidogo. Wengi wana kazi nyingine. Wabunge wetu wasiione safu hii, tafadhali.