Vekta za maandishi hutegemea mifano unayoifunzia modeli

Anayetaka kuboresha vekta za maandishi, yaani safu za namba zinazowakilisha maana ya maandishi ili kompyuta iweze kuyalinganisha na kuyatafuta, kwa msaada wa modeli kubwa za lugha namshauri aweke nguvu zake nyingi katika mifano ya mafunzo kabla ya kuhangaikia modeli ipi aichague. Modeli hufunzwa kuisogeza vekta ya swali karibu na ya jibu lake na kuitenga na za maandishi mengine, kwa hiyo haitambui ukaribu wowote wa maana ambao mifano haikuuonyesha.

Awali ilizoeleka kuanza na mamia ya mamilioni ya jozi za maandishi zilizokusanywa intaneti. Mwishoni mwa 2023, watafiti wa Microsoft walitumia modeli za GPT kutunga mifano ipatayo 500,000 katika lugha 93, kisha wakaifunza modeli ya lugha ya Mistral-7B kwa hatua pungufu ya 1,000, na matokeo yakawa mazuri mno. Kiini cha kazi ile, kwa maoni yangu, ni utaratibu wake: modeli iliombwa kwanza ibuni kazi mbalimbali za utafutaji, ndipo kwa kila kazi itunge swali, andiko sahihi na andiko hasi gumu, yaani linalofanana na jibu lakini lisilojibu swali. Ukiiomba mifano moja kwa moja, hukurudishia mada zilezile kwa sentensi za muundo uleule.

Hilo andiko hasi gumu ndilo ninalolisimamia kwa makini kuliko yote. Tuseme swali linauliza kwa nini maji huchemka kwa joto la chini mlimani. Andiko linaloeleza namna ya kupima joto la maji yanayochemka linafaa, kwa kuwa maneno mengi ni yaleyale lakini jibu halimo. Tatizo ni kwamba modeli inayotunga mara nyingine hupenyeza sentensi isemayo kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hapo andiko limekwisha kujibu swali, na ukiliacha utaifunza modeli yako kulikimbia jibu sahihi. Ndiyo maana mimi huipa modeli nyingine kazi ya kukagua kila jozi ya swali na andiko, kisha husoma mwenyewe sehemu ya mifano, hasa ile ambayo modeli hizo mbili zimetofautiana.

Maelekezo ya kazi, yaani sentensi fupi inayoieleza modeli ni utafutaji wa aina gani, yaweke upande wa swali tu. Nyaraka zikibaki bila maelekezo, faharasa moja, yaani hifadhi ya vekta za nyaraka hizo, hutumika kwa kazi nyingi bila kukokotolewa upya, na unafuu huo si mdogo, kwani vekta ya Mistral-7B ina namba 4,096, na nyaraka milioni moja zikihifadhiwa kwa baiti 4 kwa kila namba hufikia takriban gigabaiti 16.

Upimaji nao ufanyike kwa maswali yaliyoandikwa na watumiaji halisi, yaliyotengwa kabla mafunzo hayajaanza. Maswali yaliyotungwa na modeli ileile iliyotunga mifano huwa na mtindo ambao vekta zako zimekwisha kuuzoea, na alama zake hupanda hata pale ambapo watafutaji bado hawapati wanachokitafuta.