Maswali ya Wasomaji: Lile Boksi la Meccano Uvunguni

SWALI: Hujambo kijana wa ukurasa huu. Mimi mzee mstaafu niko Tanga. Mjomba wangu alikuwa baharia, mwanzoni mwa miaka ya sabini alirudi safari akatuletea boksi la Meccano toka Ulaya, vile vyuma vyembamba vyenye matundu unavyofunga kwa nati na bolti. Basi hatulali! Tulijenga winchi kama za bandarini, tukaifunga uzi wa kushonea magunia ya mkonge, inanyanyua kopo la maziwa limejaa mchanga toka sakafuni mpaka juu ya kitanda. Juzi wajukuu wamelitoa uvunguni. Kutu imekula vingine, na vile vya kijani na vyekundu rangi imebanduka. Nataka nimpelekee fundi wa magari avipige rangi upya niviuze. Vina umri gani hivi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huyo fundi kama keshafika mpe chai aende zake, rangi asiguse kabisa, nitakwambia kwa nini.

Umri tuanze nao maana hapo pana utamu. Meccano ilibuniwa na Frank Hornby, mtu wa Liverpool, alipata hataza yake 1901 ikiwa na jina jingine, hili la Meccano likaja 1907. Vyuma vya mwanzo havikuwa na rangi, vilikuwa vinang'aa tu hivyo hivyo. Rangi zilianza 1926, kijani na nyekundu, 1934 wakageukia bluu na dhahabu, baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakarudi kwenye kijani na nyekundu, 1964 wakahamia njano na nyeusi na rangi ya fedha, halafu 1970 ikawa njano na bluu. Sasa wewe unasema miaka ya sabini na vyuma vyako ni vya kijani na vyekundu, kwa hiyo mjomba alikuletea mtumba mzee wangu, ama lilikuwa limekaa dukani miaka mingi likingoja baharia mwenye roho nzuri. Chukua kimoja ukiangalie juani. Kama kijani chake kimekolea, uwezekano mkubwa ni kati ya 1945 na 1957, kikiwa chepesi ni kuanzia 1958 mpaka 1963. Ukiona bamba la bluu lenye mistari ya dhahabu iliyopishana kama wavu, hilo litenge pembeni maana ni la enzi ya kabla ya vita na wenyewe wanalitafuta.

Kuhusu rangi ni hivi, wakusanyaji wanalipia rangi ya kiwandani hata kama imechubuka, ukishapiga mpya chuma chako kimegeuka chuma tu, hata ile chapa ya Meccano iliyogongwa juu yake inazibwa na rangi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tumia mswaki wa zamani, halafu kausha siku hiyo hiyo, usiache mpaka kesho, hewa ya chumvi ya Tanga unaijua mwenyewe. Nati, bolti na zile fito za kupitishia magurudumu hazina rangi, hizo loweka kwenye mafuta mepesi ya cherehani usugue kwa stilwuli laini. Gia za shaba nyeupe kwa Brasso kidogo, uchafu wa kwenye meno utoe kwa kijiti cha meno. Lakini msasa usiguse chuma chenye rangi, tena wajukuu wakiwa karibu ndo kabisa, rangi za zamani zile huwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Pesa? Nisikudanganye. Boksi la kawaida lenye kutu na pengo halikujengei nyumba. Wanaotoa hela nzuri wanataka seti kamili, boksi lake, vitabu vyake vya michoro, mota ya ufunguo inayozunguka. Tena ile kubwa kuliko zote, Namba 10, inayokaa kwenye kabati la mbao lenye droo. Ningekuwa wewe ningeisuka upya ile winchi. Tafuta gia ya meno 57 na kile kipinyoni, yaani gia ndogo, cha meno 19, ukiviweka kwenye matundu yaliyoachana inchi moja vinashikana sawasawa, unazungusha mkono mara tatu ngoma ya kukunjia uzi inazunguka mara moja, ndo maana lile kopo la mchanga lilikuwa linapanda bila mtoto kuchoka mkono. Vitoe ukaweke 50 na 25, matundu yale yale, na bado vinauma. Mtu aliyekaa akapiga hesabu ile namvulia kofia mpaka leo.

SWALI: Mambo! Niko Nairobi, hatukuwahi kuwa nazo, sisi tulikuwa wa magari ya waya na tairi za ndara. Lakini jirani yetu Mhindi alikuwa nayo na tulikuwa tunachungulia dirishani tu. Sasa nimepata kakazi nataka kuanza kukusanya, nianzie wapi bila kuliwa pesa?

JIBU: Poa kabisa. Usianze na boksi zuri, anza na vile vinavyouzwa mtandaoni kwa kilo, watu wanamwaga makabati ya marehemu babu zao Uingereza na hawajui kilichomo. Omba picha za karibu. Angalia magurudumu na gia kama vile viskrubu vya kubana fito bado vipo, vikikosekana gurudumu linateleza tu. Vyuma vilivyopinda visikutishe, vinanyooka kwa nyundo ya mbao, kutu iliyotoboa ndo hainyooki. Na postage, ndugu yangu, uliza kwanza maana chuma ni kizito, unaweza kujikuta unalipia ndege kuliko mzigo.

Halafu hili watu wengi linawatesa: bolti za Meccano ya zamani ni za inchi, 5/32, na uzi wake, yaani ile mikato inayozunguka bolti, ni wa Whitworth, kipimo cha Kiingereza. Ukienda hadware ukanunua M4, yaani ya milimita 4, itapita kwenye tundu vizuri tu, ukiipa nati ya zamani inaingia kidogo halafu inakwama, ukilazimisha umeua uzi. Nunua bolti na nati pamoja, usichanganye. Na usichanganye Meccano na Merkur, vyuma vya kuchezea vya aina hiyo hiyo toka Ucheki, ukitegemea matundu yalingane, Meccano ni nusu inchi toka tundu mpaka tundu, yaani milimita 12.7, Merkur ni milimita 10. Kwa macho zinafanana, ukifika tundu la tatu ushapotea.

Na hayo magari ya waya usiyadharau bana. Yale mlichora wenyewe kichwani, Meccano ilikuja na kitabu.

SWALI: Naandika toka Leicester. Mume wangu ana miaka hamsini na kitu, sebule yote imejaa vyuma, juzi kanunua gia za shaba kwa hela ya kapeti. Anasema ati ni mambo ya kisayansi. Nimwamini?

JIBU: Pole dada, ila kwenye sayansi hakudanganyi. Mwaka 1934 pale Manchester, Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walijenga kwa Meccano mashine ya kupiga hesabu ngumu za kalkulasi, na ikafanya kazi. Krismasi ya 1961 kule Chekoslovakia, Otto Wichterle alikuwa nyumbani kwake jikoni, akaunga Merkur na dainamo ya baiskeli, akapata kamashine ka kuzungushia lenzi laini za machoni, hizi hizi watu wanavaa leo badala ya miwani. Kwa hiyo shemeji ana watu wa kuwataja.

Lakini hela ya kapeti ni hela ya kapeti. Mwambie auze vile alivyo navyo viwiliviwili, kila mkusanyaji anavyo na anajua anavyo, vikilipa kapeti aendelee na gia zake. Na sebuleni abaki na meza moja, bolti ikidondoka kwenye kapeti jipya utaipata kwa mguu.