Ukifuata msimu wa mashindano ya kudansi, weka daftari

Wanaoniuliza namna ya kufuata Dancing with the Stars, mashindano ya televisheni ya Marekani ambamo watu mashuhuri, yaani nyota, hucheza dansi kila mmoja na mwalimu wake, tukiwa huku Unguja huanza na suala la saa, basi na mie nianze hapo. Miaka ile televisheni ya ABC ikirusha kipindi Jumatatu saa mbili usiku kwa saa za New York, kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Novemba, Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma, inasogea hadi saa kumi, adhana ya alfajiri haiko mbali. Ushauri wangu: lala. Asubuhi utavikuta vipande YouTube, na ngoma moja haizidi sana dakika moja na nusu, kwa hivyo hata bando la kubania linatosha. Ila usifungue kundi la WhatsApp la ukoo kabla hujatazama. Hakosekani binamu aliyeko nje ambaye matokeo hayamkai kifuani.

Sasa daftari. Gawa ukurasa mara mbili: upande mmoja alama za majaji, upande wa pili alama zako wewe, uliyemtazama mtu kabla hujasikia majaji wamesema nini. Misimu mingi majaji ni watatu, kila mmoja anatoa hadi 10, jumla 30, kisha zinachanganywa na kura za watazamaji. Kura sisi hatuna. Hilo lisikuudhi, maana asiye na kura hutazama miguu vizuri zaidi kuliko mwenye mtu wake.

Nimeshikilia habari ya daftari kwa sababu ya msimu wa 27, wa mwaka 2018. Bobby Bones, mtangazaji wa redio, hakuwahi kupewa 30 hata mara moja. Juan Pablo Di Pace alitolewa nusu fainali, usiku uleule aliopata alama kamili. Mwisho kombe akalichukua Bobby, na Milo Manheim, aliyekuwa akicheza vizuri kuliko yeye kwa mbali, akawa wa pili. Watu walikasirika kweli kweli. Mie nilicheka, kwa kuwa aliyekulia kwenye kumbi za taarabu hashangazwi na jambo hilo. Mwimbaji aliyetunzwa noti nyingi usiku ule si lazima awe ndiye mwenye sauti. Pengine ndiye mwenye marafiki wengi waliokaa mbele. Yale ni mashindano mawili ndani ya ukumbi mmoja, na ukiyaandika kurasa mbali mbali hutapandisha presha.

Kuweka alama ndiko kwenye kazi. Mie nimefundishwa na mamangu, aliyecheza lelemama ujanani, ngoma ambayo mwenye pupa huonekana mara moja. Siku moja alinikuta natazama samba, akanambia, “Zima sauti, mwanangu.” Nikazima. “Mtazame mdomo.” Nyota wa watu alikuwa anatabasamu, lakini midomo inachezacheza: moja, mbili, tatu. “Huyo anahesabu. Bado ngoma haijamwingia.” Tangu siku ile naanza na mdomo, ndiyo nashuka miguuni.

Miguuni nako kuna la kutazama hata kama hujasomea. Kwenye waltz, hatua ya kwenda mbele hutangulizwa kisigino. Kwenye cha-cha na rumba hutangulia sehemu ya mbele ya wayo, na goti hunyooka uzito ukishahamia. Anayekanyaga namna moja ngoma zote hajafundishika bado, hata awe na nguo ya kumeremeta namna gani. Marehemu Len Goodman, Mwingereza aliyekuwa jaji kwao na Marekani pia, alikuwa mkali sana wa miguu. Ukimsikiliza yeye peke yake kwa wiki chache utajifunza mengi. Halafu mwangalie mwalimu anayecheza na nyota. Mwalimu hodari huficha aibu: anamzunguka, anarushwa, anateleza chini, na ukirudia kipande unakuta nyota mwenyewe kasimama palepale anapunga mikono. Hapo usimpe zaidi ya 6. Mie sipi.

Usimkatie mtu tamaa wiki ya kwanza, lakini. Iman Shumpert, mcheza kikapu, hakuanza na alama za juu mwaka 2021, na urefu wake ulikuwa unamsumbua. Akawa mchezaji wa kwanza wa NBA kulibeba kombe lile. Tazama ngoma yake ya kwanza, kisha ruka utazame za mwisho. Huo ndio utamu wa kufuata msimu mzima badala ya kuvizia fainali.

Na kama wewe ni wa kuandaa mashindano ya vijana mtaani, chukua walichokifanya Wamarekani baada ya zogo la Bobby. Msimu wa 28, mwaka 2019, alama na kura ziliendelea kujumlishwa pamoja, lakini wawili wa chini wakawa wanaletwa mbele ya majaji, na majaji ndio wanaomwokoa mmoja. Haikuondoa malalamiko: nusu fainali majaji walimbakisha Ally Brooke wakamtoa James Van Der Beek, na watu wakalia tena. Hata hivyo naiona ndiyo bora kwetu, ambako kijana mwenye ukoo mkubwa anaweza kuujaza ukumbi kwa kaka na dada zake tu. Waache mashabiki wapige kura na kelele zao, ila neno la mwisho kwa wawili wa chini libaki kwa wazee wanaoijua ngoma, na wasiwe wa mtaa huohuo.

Kanuni iandike kwa herufi kubwa, uibandike mlangoni kabla hujauza tiketi ya kwanza. Mjomba wa aliyeshindwa atakuja kuisoma.